Historia Hai Darasani: Istilahi za Ziara ya Makumbusho na Viwango vya Maarifa ya Jamii

Miongoni mwa nyaraka ambazo wafasiri wa Kiswahili huombwa kuzitafsiri siku hizi ni zile zitokazo katika shule za Marekani, ambako familia nyingi kutoka Kongo, zilizofika huko kama wakimbizi, hupelekewa taarifa za shule kwa Kiswahili. Nyingi hazina taabu. Lakini iko taarifa moja inayomtia mfasiri mashakani tangu mstari wa kwanza: ile inayowaarifu wazazi kwamba shule itatembelewa na watu wa makumbusho, waliovaa na kusema kama watu wa kale, na kwamba ziara hiyo inakubaliana na matakwa ya somo la Maarifa ya Jamii. Mfasiri akizifuata kamusi neno kwa neno, mzazi atasoma kwamba "mkalimani aliyevaa mavazi ya mahujaji atafundisha historia hai kwa kufuata kiwango cha darasa la tatu". Hakuna neno hapo lisilokuwamo katika kamusi, na bado mzazi ataondoka na picha ya mtu aliyeletwa kumkalimania, tena anayetoka Makka.

Tuchukue mfano ulio dhahiri. Mjini Plymouth, katika jimbo la Massachusetts, yako makumbusho yaliyoanzishwa mwaka 1947 kwa jina la Plimoth Plantation, ambayo tangu mwaka 2020 huitwa Plimoth Patuxet. Patuxet ni jina la kijiji cha Wawampanoag kilichokuwapo mahali hapo kabla ya Waingereza kufika mwaka 1620. Makumbusho hayo yana kijiji kilichojengwa kwa mfano wa kile cha walowezi, na kando yake makazi ya Wawampanoag. Na waelimishaji wake wamekuwa pia wakienda mashuleni. Jimbo hilo nalo lilipitisha mwaka 2018 mwongozo wa historia na sayansi ya jamii, ambao humtaka mwanafunzi wa darasa la tatu ajifunze habari za walowezi hao na za wenyeji waliowakuta.

Kuhusu istilahi ya historia hai hatuna ubishi mkubwa. Wapo wasemao kwamba yaliyopita hayawi hai. Lakini Kiswahili kimekwisha kulizoea neno hili katika lugha hai na mfano hai, nasi hatuoni madhara. La kuangaliwa ni mipaka yake. Historia hai si historia simulizi, ambayo hutokana na kumbukumbu za wazee walioyaona mambo au kuyapokea. Wala si tamthilia, kama vile Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ambamo maneno yamekwisha andikwa na mtazamaji amekaa kimya. Katika historia hai mtoto huuliza, mtu wa kale humjibu, na hakuna ajuaye mapema swali litakuwa lipi.

Kazi ngumu ni kumpatia jina mtu huyo. Mkalimani hafai, kwa kuwa yeye huhamisha kauli kutoka lugha moja hadi nyingine; huyu hahamishi lugha, hufafanua maisha. Mwigizaji nalo halitoshi, kwa sababu tutakayoieleza. Tunapendekeza mfafanuzi wa historia, na kazi yake iitwe ufafanuzi.

Wataalamu wa makumbusho huugawa ufafanuzi huo mara mbili kwa msamiati waliouazima katika sarufi: ule wa nafsi ya kwanza, ambapo mfafanuzi husema "mimi nilikuja na merikebu", na ule wa nafsi ya tatu, ambapo husema "wao walikuja". Mgawanyo huu unavutia kuutafsiri kama ulivyo, maana kila mwalimu wa Kiswahili anazijua nafsi. Sisi hatuupendekezi. Katika kijiji cha Waingereza huko Plymouth, wafafanuzi wamezoea kuvaa uhusika wa walowezi wa miaka ya 1620, nao hujifanya hawajui lolote lililotokea baadaye. Katika makazi ya Wawampanoag mambo ni mengine. Wafafanuzi wa huko ni wenyeji wa asili ya Marekani wenyewe. Huvaa mavazi ya jadi, lakini hawamwigizi mtu yeyote. Husema kama watu wa leo, wenye kuzungumza juu ya wazee wao na juu ya maisha yao ya sasa. Kwa hesabu ya wataalamu, hawa ni wa nafsi ya tatu. Masikioni mwa mtoto, wanasema "sisi" na "babu zetu". Sarufi imekuwa shahidi wa uongo. Kwa hiyo twaona yafaa kusema ufafanuzi wa uhusika na ufafanuzi bila uhusika.

Jambo hili si la wanaistilahi peke yao. Mwongozo wa Massachusetts unamtaka mtoto aeleze juu ya wenyeji wa jimbo hilo katika nyakati zilizopita na katika wakati huu. Mlowezi wa uhusika, hata awe hodari wa namna gani, hawezi kumfundisha mtoto kwamba Wawampanoag wapo leo, kwa kuwa mlowezi huyo haijui leo. Na taarifa ya Kiswahili ikiwaita wafafanuzi wote waigizaji, itakuwa imewaambia wazazi kwamba Wawampanoag ni watu wa kuigizwa tu, yaani watu waliokwisha.

Mahujaji lina kasoro yake. Waingereza wale hupewa jina hilo kwa lugha yao, lakini kwa Mswahili hujaji ni mtu aendaye hija kisha akarudi kwao. Wale walikwenda kukaa. Walowezi wa Plymouth latosha.

Sasa tuje kwenye viwango. Neno hili limekwisha kaa vizuri katika jina la Shirika la Viwango Tanzania, lakini katika elimu lina sura mbili. Tukisema kiwango cha darasa la tatu, wengi wataelewa kimo cha elimu, kama tusemavyo kiwango kimeshuka. Hapa kinachokusudiwa ni kauli iliyoandikwa, isemayo mwanafunzi ajue nini na aweze kufanya nini. Tunapendekeza viwango vya ujifunzaji, kwa ukamilifu wake, na si vigezo, ambavyo ni vya kupimia.

Kitendo cha kuihusisha ziara na viwango hivyo tungekiita kuoanisha, si kuunganisha. Kamba mbili zaweza kuunganishwa hata kama hazifanani. Kuoanisha hudai kila upande umfae mwenziwe. Mwalimu huanza na kauli ya kiwango, akauliza ni sehemu gani ya ziara inayoibeba, na mwanafunzi atafanya nini kuonyesha kwamba amejifunza. Mathalani, mwongozo huo unataka watoto walinganishe maisha ya kila siku ya wanaume, wanawake na watoto wa koloni na ya wale wa jamii za wenyeji. Ziara ya mfafanuzi mmoja aliyevaa uhusika wa mlowezi hubeba nusu tu ya kauli hiyo; nusu ya pili yahitaji mfafanuzi mwingine, au kipindi kingine. Hivyo mfasiri asiandike kwamba ziara inatimiza kiwango iwapo asili inasema inakisaidia. Tofauti ya vitenzi viwili hivyo ndiyo itakayomfahamisha mzazi kama mtoto wake bado anadaiwa kitu.

Limebaki neno ziara lenyewe. Katika shule zetu ziara aghalabu ni ya wanafunzi, kama wapelekwapo Kijiji cha Makumbusho mjini Dar es Salaam kutazama nyumba za jadi. Kwa makumbusho yanayowafuata wanafunzi shuleni tumetumia ziara ya makumbusho shuleni, ingawa wapo wanaopendelea makumbusho tembezi, ambalo ni fupi lakini laweza kumfanya msikilizaji afikirie vitu vinavyosafirishwa badala ya watu. Walimu waliokwisha kupokea wageni wa namna hii watuandikie jina wanalolitumia.