Sarafu ya Shaba Shambani: Isome Kwanza



Tuseme unapalilia muhogo wako karibu na Bagamoyo. Jembe linagonga kitu. Unaokota, kumbe ni sarafu ya shaba yenye kutu ya kijani na maandishi ya Kiarabu. Mmoja anasema ni hirizi, itupe. Mwingine anasema hapo pana hazina, tuchimbe. Wa tatu anataka kuinunua kwa bei ya soda. Je, umsikilize nani? Ngoja. Isome kwanza.

Usiisugue kwa mchanga wala kwa ndimu. Utafuta maandishi. Ondoa udongo polepole kwa kitambaa laini. Kisha tazama pande zote mbili.

Je, upande mmoja kuna ndege tai? Hiyo ni pesa ya kampuni ya Wajerumani. Ilitengenezwa miaka ya 1890 hadi 1892. Mwanzoni makao yao makuu yalikuwa Bagamoyo, kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891. Upande wa tai kuna herufi kama zile ulizojifunza kisomoni. Upande wa pili ni Kiarabu, na maana yake ni Kampuni ya Ujerumani. Siyo aya, wala siyo hirizi. Pesa 64 zilikuwa rupia moja. Baadaye, kuanzia mwaka 1904, zilikuja hela, na hela 100 zikawa rupia moja. Majina hayo mawili, pesa na hela, tunayo vinywani mpaka leo.

Je, kuna picha ya mizani na mwaka 1299? Hiyo ni ya Sultani Barghash bin Said wa Unguja.

Je, ni ndogo, nyembamba, ina maandishi matupu na haina mwaka? Huenda ni ya masultani wa Kilwa. Hizo zina umri wa mamia ya miaka.

Sasa tusome mwaka. Tarakimu za Kiarabu husomwa kuanzia kushoto, kama zetu. Moja ni kijiti. Mbili ni kijiti chenye jino moja juu, na tatu kina meno mawili. Tano ni duara. Saba ni kama herufi V, na nane ni V iliyopinduliwa. Tisa inafanana na yetu. Sifuri ni nukta. Ukikwama, mwulize mzee aliyesoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Wewe soma upande wako, naye asome wake.

Mwaka huo ni wa Hijra, siyo huu wa kalenda ya ofisini. 1299 ni karibu na mwaka 1882. 1309 ni karibu na mwaka 1892.

Kwa nini mwaka una maana? Kwa sababu Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Ukiokota sarafu ya Kilwa, siyo ya kuuza kichochoroni. Toa taarifa kwa ofisi ya serikali au makumbusho.

Mwisho, chukua daftari lako. Andika tarehe, jina la shamba, kina cha shimo, na vitu vingine ulivyoona hapo, kama vigae au shanga. Sarafu bila habari za mahali pake ni kipande cha shaba tu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.