Sonda ya oksijeni inakufa kila mara: sababu ni nini?

Ndugu mfanyakazi, motokari yako ingali chini ya garanti. Taa ya moteri inawaka, garaji inabadilisha sonda ya oksijeni, na kisha miezi michache taa inawaka tena. Usikubali kuambiwa "ni sonda tu". Sonda mbili ao tatu zikikufa kwa kufuatana, mara nyingi kuna kitu kinachoziua.

Sonda hii imefungwa katika bomba la moshi. Inapima oksijeni iliyobaki, inatuma umeme mdogo, karibu volti 0,1 mpaka 0,9, ili moteri ijue kama esanse ni nyingi ao kidogo. Moteri ikichoma oili, ao maji ya radiatere yakiingia mahali esanse inapowakia, sonda inaharibika. Bomba likiwa na tundu mbele ya sonda, hewa inaingia na kuidanganya, nayo inahukumiwa bure. Hapo jihadharini sana: kwa tundu lile monoksidi ya kaboni inaweza kuingia ndani, mahali watoto wanakaa. Sumu hiyo haina harufu wala rangi. Vichwa vikiuma safarini, simamisha, zima moteri, wote watoke.

Kila mara unapoipeleka garaji, omba karatasi yenye tarehe, kilometa na kazi iliyofanywa. Bibi naye ajue zinatunzwa wapi. Andika barua mbele garanti haijaisha, uombe watafute sababu, nyaya pia. Usiifungue mwenyewe: bomba linaunguza. Na taa ikimeta-meta, punguza mwendo, wala usisimamishe motokari juu ya majani makavu.