Uzi: Nani analipa ndio aonekane kwenye soko la mtandaoni?

1/ Kwenye midahalo utasikia: "Vijana wauze mtandaoni, huko kila mtu ako sawa." Si kweli sana. Twende polepole.

2/ Ukitafuta viatu vya shule, vile vya juu kabisa mara nyingi ni tangazo. Nafasi hizo huuzwa kwa mnada. Muuzaji hulipa kila ukibonyeza, ununue usinunue.

3/ Piga hesabu. Chukulia mama anauza viatu sh 1,500, faida yake sh 300. Kila anayebonyeza anamgharimu sh 15. Kama ni 1 kati ya 10 anayenunua, sh 150 zimeenda. Nusu ya faida! Akiacha kulipa, anazikwa chini. Akipandisha bei, tangazo unalilipia wewe.

4/ Marekani, Septemba 2023, tume ya FTC na majimbo 17 waliishtaki Amazon. Dai mojawapo: inajaza matangazo kwenye matokeo ya utafutaji na kuwabana wauzaji walipe. Amazon imekana.

5/ Tuwe fea: tangazo humsaidia muuzaji mgeni ambaye hana wateja bado. Shida ni pale kulipa kunakuwa lazima.

6/ Kwa hivyo mgombea akikuahidi "soko la kidijitali", muulize: Matangazo yatawekwa alama wazi? Mwenye jukwaa akiuza bidhaa zake, nazo zitalipia nafasi? Mama wa viatu akionewa, atalalamika wapi, na atajibiwa lini?