Jaribio la kuchelewa kwa ADN katika jeli: kasoro zake na namna ya kuzisoma

1. Jina na maana

Katika maabara za elimu ya viumbe hutumika jaribio la kuchunguza kama protini fulani inashikamana na kipande fulani cha ADN (Afrika ya Mashariki huandikwa DNA). Waingereza hulitaja mara nyingi kwa kuangalia kuhama kwa mstari ndani ya jeli, Wafaransa kwa kuangalia kuchelewa kwake. Kwa Kiswahili neno "kuchelewa" lafaa zaidi, kwa kuwa humwonyesha msomaji jambo lenyewe: abebaye mzigo huchelewa njiani.

ADN ina chaji hasi. Ikitiwa katika jeli na umeme ukapitishwa, husafiri kuelekea ncha chanya. Kipande kilicho huru hupenya upesi katika matundu ya jeli. Kilichoshikwa na protini hubaki nyuma. Ndiyo maana huonekana mistari miwili: wa chini ni wa ADN huru, wa juu ni wa ADN iliyobeba protini. Jeli yenyewe, ambayo kwa kawaida ni ya akrilamidi, haina budi kuwa ya aina isiyovunja maumbo ya protini.

Njia hii ilienea kutokana na makala mbili za mwaka 1981, moja ya Garner na Revzin, nyingine ya Fried na Crothers. Zote zilihusu mfumo unaotawala matumizi ya laktosi katika bakteria Escherichia coli.

2. Dalili za kasoro

Jeli iliyoharibika si ya kutupwa kabla ya kusomwa, kwani kila dalili ina chanzo chake.

(a) Hakuna mstari wowote. Hapa protini haina lawama, maana hata ADN huru haionekani. Huenda alama haikushika kwenye ADN, au imechakaa: fosforasi-32 hupungua nusu kila baada ya siku 14 hivi. Huenda pia nyaya za umeme zimebadilishana mahali, na sampuli zikapanda na kupotelea katika bafa.

(b) Mstari wa chini peke yake. ADN ipo, lakini haikushikwa. Protini yaweza kuwa imekufa kwa kugandishwa na kuyeyushwa mara nyingi, au imekatwakatwa na vimeng'enya vya seli. Chumvi ikizidi, mshikamano hulegea. Tena ziko protini zinazohitaji zinki. EDTA nyingi ikiwamo katika bafa, huinyakua zinki hiyo na protini hushindwa kazi.

(c) Kila kitu kimenasa katika vishimo vya juu. Aghalabu protini imezidi, hata ikajibandika ovyo juu ya ADN. Dawa ni kupunguza protini na kuongeza ADN ya bandia iitwayo poli(dI-dC), inayowavuta washikaji wasio na uchaguzi. Hiyo itiwe kabla ya ADN yenye alama. Isizidi kipimo, kwani ikiwa nyingi mno humvuta hata mshikaji halisi. Kama mkusanyiko ni mkubwa kwa asili, jeli ya asilimia 4 hufaa kuliko ya asilimia 6.

(d) Utando mrefu kati ya mistari miwili. Protini ilishika mwanzoni, kisha ikaachia njiani. Jeli yenye joto huleta hali hiyo. Hupunguzwa nguvu ya umeme, na kazi hufanywa penye baridi ya nyuzi 4. Umeme ukikatika katikati ya safari, mistari huendelea kutawanyika. Jeli ya namna hiyo haifai kutolewa hukumu.

3. Mstari wa juu si ushahidi kamili

Kasoro iliyo mbaya kuliko zote haionekani kwa macho: ni jeli nzuri, yenye mstari wa juu uliokolea, ambayo mtafiti huiamini mara moja. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu huleta mvua. Katika maji ya seli zimo protini nyingi zinazoshika ADN yoyote, nazo pia hutoa mstari.

Kwa hiyo huongezwa ADN ile ile isiyo na alama, mara 50 hadi 100 zaidi. Mshikamano ukiwa wa kweli, mstari wa juu hufifia. Hilo pekee halitoshi. Katika sampuli nyingine hutiwa ADN iliyobadilishwa herufi chache pale protini inaposhika. Safari hii mstari haupaswi kufifia. Ukififia katika sampuli zote mbili, protini ile haichagui. Hatimaye kingamwili ya protini inayotafutwa huweza kuupandisha mstari juu zaidi au kuufuta, na hivyo kuitambulisha protini.

Mfumo wa laktosi una kipimo chake cha ziada. Protini kizuizi ikipewa IPTG, kemikali inayofanana na sukari yake, huachia ADN, na mstari wa juu hutoweka.

4. Hitimisho

Jeli ya kutegemewa iwe na njia tano: ADN peke yake, ADN pamoja na protini, hizo mbili pamoja na ADN ile ile isiyo na alama, hizo mbili pamoja na ADN iliyobadilishwa, hizo mbili pamoja na kingamwili. Ikikosekana njia ya tatu au ya nne, mtafiti aweza kusema ya kwamba kitu fulani kimechelewa. Hawezi kusema ni nini, wala kwamba kilichagua mahali pake.