Asilimia Mbili Zenye Soko

Ukiisoma lebo ya sabuni ya uso ya chunusi, mara nyingi utakutana na asidi ya salisiliki, na kiwango chake huwa asilimia 2 au pungufu. Namba hiyo imetoka kwa wadhibiti. Marekani inaruhusu asilimia 0.5 hadi 2 kwa dawa za chunusi zinazouzwa bila cheti cha daktari. Umoja wa Ulaya unaruhusu asilimia 3 kwa bidhaa za nywele za kusuuza, 2 kwa bidhaa nyingi nyingine, na 0.5 tu kwa losheni ya mwili. Losheni imebanwa kwa sababu hupakwa mwili mzima na kuachwa, ngozi ikaendelea kuifyonza. Na Ulaya imeiweka asidi hii katika kundi la kemikali zinazoshukiwa kudhuru mimba. Isipokuwa kwenye shampuu, haitakiwi katika vipodozi vya watoto walio chini ya miaka 3.

Malighafi yenyewe ni rahisi. Ujerumani ilianza kuitengeneza kiwandani kutokana na fenoli tangu 1874. Kinachogharimu ni ufundi: asidi hii huyeyuka kwa shida katika maji, na ukali wake lazima utoshe kuzibua vinyweleo bila kuunguza uso.

Kisha namba ikawa bidhaa. Kampuni ya Deciem ya Toronto ilipoanzisha The Ordinary mwaka 2016, iliandika kemikali na asilimia mbele ya chupa, jambo ambalo sheria ya vipodozi ya Ulaya hailazimishi. Wateja waliipenda, kampuni kubwa ya vipodozi ya Estée Lauder ikaishia kuinunua kampuni nzima. Uwazi huo naupongeza, ila umewazoesha watu kudhani namba kubwa ndiyo dawa bora. Mtandaoni zinauzwa asidi za kuchubua ngozi za asilimia 20 na 30, ambazo mahali pake ni kliniki. Julai 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani (FDA) ilionya watu wasizitumie bila mtaalamu, maana zinaweza kuunguza na kuacha makovu.

Huku kwetu Tanzania asidi hii si mgeni. Marhamu ya Whitfield, inayotumika kutibu fangasi wa ngozi, ina asilimia 3. Wasiwasi wangu uko kwenye marhamu za betamethasoni (aina ya steroidi) zenye salisiliki, dawa halali ya magonjwa ya ngozi. Asidi hulainisha tabaka la juu, steroidi ikapenya zaidi. Dawa kama hiyo ikimiminwa kwenye mkorogo wa kujichubua ngozi, hakuna anayejua kilichomo ni kiasi gani, hata aliyeukoroga. Tanzania ilihamishia vipodozi Shirika la Viwango (TBS) mwaka 2019, dawa zikabaki Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Basi tyubu ikiwa dukani inamhusu mkaguzi mmoja, na ikishachanganywa na kuuzwa kama kipodozi inamhusu mwingine, kwenye kopo lisilo na lebo ya kukagua.