Dizeli ya Trekta na Mtungi wa Manjano

Upande huu wa mashariki wa Mlima Kenya, mvua za vuli ndizo za kutegemewa kuliko za masika. Kwa hiyo kuanzia Septemba mwenye trekta Nchiru, Kianjai au Muthara hapati usingizi. Kila mwenye shamba anataka alimiwe wiki hiyo hiyo, kabla ya matone ya Oktoba, na hakuna anayetaka kuambiwa kwamba trekta limerudi barabara ya Meru–Maua kujaza mafuta. Basi mafuta ndiyo yanayolifuata trekta: mtungi mmoja umefungwa kwa mpira nyuma ya boda boda, mingine miwili iko kwenye pikapu, na akiba imewekwa nyumbani stoo. Ukiitazama, karibu yote ni ile mitungi ya manjano ya lita 20 iliyoletwa na mafuta ya kupikia.

Watu huuliza kama dizeli itayeyusha mtungi huo. Haitauyeyusha. Umetengenezwa kwa plastiki nzito, ile yenye namba 2 ndani ya pembetatu chini ya kitako, na dizeli haina ubaya mkubwa na plastiki hiyo. Petroli ni kali zaidi: huivimbisha na kuilainisha polepole. La kuuliza hasa ni kile ambacho mtungi utaifanyia pampu ya trekta.

Ndani ya pampu ya dizeli kuna vyuma vinavyoteleza kimoja ndani ya kingine, na nafasi iliyo kati yake ni maikroni chache tu. Unywele wa mtu una unene wa maikroni kama 70. Vyuma hivyo havilainishwi na kitu kingine ila dizeli yenyewe. Maji yakifika hapo, utelezi unaondoka na kutu inaanza. Mchanga ukifika hapo, unasaga. Trekta litakuwa gumu kuwaka asubuhi, litatoa moshi mweusi, litapoteza nguvu likikuta udongo mzito, na mwishowe pampu na noza zitapelekwa kwa fundi mjini Meru katikati ya msimu. Bei ya kazi hiyo inatosha kununua mitungi mizuri ya kumtosha mwenye trekta na jirani zake.

Maji huingiaje, wakati dizeli ilitoka kituoni ikiwa safi? Mara nyingi huingilia kwenye mfuniko. Mfuniko wa mtungi wa mafuta ya kupikia haukutengenezwa kufungwa na kufunguliwa miaka mingi. Baada ya muda ule mpira wa ndani hupotea, na mwenyewe huziba kwa kipande cha karatasi ya nailoni. Mchana jua hupasha hewa iliyo juu ya dizeli, ikatanuka na kutoka. Usiku baridi ya milima ya Nyambene hushuka, hewa ikajikunja, na mtungi ukavuta hewa mpya yenye unyevu. Unyevu huo huganda kwenye kuta, huwa matone, hushuka chini, kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli. Pale maji yanapokutana na dizeli huota vijidudu na kuvu vinavyofanya utando mweusi wa kuteleza. Ukifungua filta ukakuta kitu kama kamasi nyeusi, usimlaumu mwenye kituo kabla hujamulika tochi ndani ya mtungi wako.

Mtungi wa manjano una kosa jingine, na kwangu mimi hilo ndilo kubwa. Unafanana kabisa na mtungi wa maji. Katika boma moja kuna mitungi ya kuchotea maji, mtungi wa maziwa ya ndama, mtungi wa dawa ya kunyunyizia, na kati yake umo wa dizeli. Mtoto mwenye kiu haulizi. Aliyekunywa dizeli au mafuta taa asitapishwe kamwe, kwa sababu madhara makubwa hutokea mafuta yakiingia mapafuni, na kutapika ndiko kunakoyapeleka huko. Apelekwe hospitali mara moja. Ndiyo maana nasisitiza chombo cha mafuta kiwe na rangi na umbo ambalo halipo popote pengine nyumbani, na kisirudi kamwe kwenye maji hata kikisuguliwa kwa sabuni na majivu.

Kuna mitungi ya plastiki iliyotengenezwa makusudi kwa mafuta, na inajulikana kwa maandishi yaliyochorwa ubavuni. Tafuta duara lenye herufi za Umoja wa Mataifa, u na n, kisha 3H1. Hiyo 3H1 ni mtungi wa plastiki wenye mdomo mwembamba; 3A1 ni wa chuma wa aina hiyo hiyo. Baada yake huja herufi X, Y au Z. Z inatosha dizeli lakini haitoshi petroli. Y inatosha zote mbili. Utaona pia mwaka wa kutengenezwa, na huo usiupuuze: kwa kanuni za usafirishaji, mtungi wa plastiki wa aina hii hutumika miaka 5 tu, kwani jua huufanya mkavu na mwepesi kupasuka. Muuzaji akikuambia maandishi hayo ni mapambo ya kiwandani, nenda duka la pili.

Faida ya plastiki ni kwamba ile isiyo na rangi nzito hukuonyesha yaliyomo. Ukiinua mtungi mbele ya jua asubuhi kabla haujatikiswa, maji yataonekana yamekaa chini peke yake. Pia utajua dereva alirudisha kiasi gani, na wenye matrekta wananielewa.

Mimi mwenyewe huchagua chuma, na sababu iko katika historia yake. Debe tunalopimia mahindi na maharagwe sokoni lilianza kazi likiwa chombo cha mafuta: kopo la bati la galoni nne za Kiingereza, yapata lita 18, lililoleta mafuta taa Afrika Mashariki enzi za ukoloni. Jeshi la Uingereza lilibebea petroli katika makopo ya namna hiyo jangwani Afrika Kaskazini mwanzoni mwa miaka ya 1940, na yakavuja vibaya kila malori yaliporushwa na mawe. Wajerumani walikuwa na mtungi wa chuma wa lita 20, uliobuniwa mwaka 1937 katika kampuni ya Müller huko Schwelm. Ulikuwa na vipande viwili vya chuma vilivyochomelewa kwa mshono uliozama ndani usigongwe, vishikio vitatu ili watu wawili waweze kuubeba pamoja, nafasi ya hewa juu, na mfuniko unaobanwa kwa wenzo badala ya kuzungushwa. Waingereza walipouteka waliutumia, kisha wakauiga. Umbo hilo halijabadilika sana hadi leo, na sioni sababu ya kubadilika.

Ubora wa mitungi ya chuma iliyopo madukani hautoshani. Fungua, mulika ndani, pitisha kidole mdomoni. Ukiona kutu au rangi inayobanduka, mwachie mwenyewe, hata kama kwa nje unang'aa. Mpira wa mfuniko ubanwe sawasawa na uweze kununuliwa peke yake ukichakaa.

Chuma ninachokikataa ni kile kilichopakwa zinki, yaani mabati ya ndoo na matangi ya maji. Zinki hukutana na asidi ndogo ndogo zilizomo ndani ya dizeli ikafanya masimbi yanayofanana na sabuni, nayo huziba filta na noza. Wengi wanakwepa tangi la bati lakini wanamiminia dizeli kwa ndoo ya bati au faneli ya bati. Kumimina kwa muda mfupi hakutaua injini. Kuiacha dizeli ilale humo ndiko kubaya. Shaba nayo huharakisha kuharibika kwa dizeli, kwa hiyo usiweke bomba la shaba kwenye akiba ya miezi.

Na pipa? Pipa la lita 200 likijaa hukaribia kilo 190, na halibebwi na mtu. Kwanza ujue lilibeba nini. Lililokuwa na oili ya injini husafishika. Lililokuwa na dawa ya mimea au kemikali usilichukue hata bure, wala usimpelekee fundi wa jua kali pipa lililokuwa na mafuta alikate au alichomelee. Mvuke uliobaki ndani hulipuka, na pipa linaloonekana tupu ni hatari kuliko lililojaa.

Kosa la kawaida ni kulisimamisha pipa nje. Maji ya mvua hukaa juu ya kifuniko, ndani ya ule ukingo, na usiku pipa linapopoa huyanyonya kupitia kizibo. Lilaze kivulini juu ya mbao imara, upande wa bomba ukiwa juu kidogo, ili maji na uchafu vikimbilie nyuma. Huko nyuma weka njia ya kuyatoa. Likishajazwa mafuta mapya, liache litulie usiku mzima kabla ya kufungua bomba. Kama limesimama ndani ya stoo, tumia pampu ya mkono ya kuzungusha, na mrija wake usifike sakafuni. Vidole vinne juu ya kitako panatosha.

Kunyonya kwa mdomo kwa mpira ni mazoea ambayo ningependa yaishe Nchiru nzima. Mpira wenye kibofu cha kubonyeza hauuzwi ghali, na mapafu hayauzwi kabisa. Faneli iwe na chujio la waya laini. Kitambaa cha pamba huacha nyuzi, na nyuzi hizo huishia kwenye filta.

Kituoni, ushushe mtungi chini kabla ya kujazwa. Ukijazwa ukiwa juu ya pikapu yenye plastiki sakafuni, au umefungwa kwenye boda boda, umeme tuli unaozaliwa na mafuta yanayotiririka hauna njia ya kushuka ardhini, na cheche moja inatosha kuwasha mvuke. Mdomo wa bomba uguse mtungi muda wote. Dizeli ina unafuu, kwa kuwa mvuke wake hauwaki kwa urahisi hadi joto lipite nyuzi 50, ilhali petroli hutoa mvuke unaowaka hata kwenye barafu. Moto wa Sachang'wan karibu na Molo, Januari 2009, na ule wa Sinai jijini Nairobi, Septemba 2011, yote ilikuwa ya petroli, na kila mmoja uliua watu wapatao mia moja au zaidi. Lakini unafuu huo hupotea mara moja dizeli ikimiminwa ndani ya mtungi uliokuwa na petroli ya pikipiki au ya pampu ya kunyunyizia. Mvuke wa petroli umo bado, na dizeli inayoingia kwa kasi ndiyo inayozaa cheche. Hata petroli kidogo iliyobaki kitakoni hushusha sana joto la kuwaka la dizeli yote. Mtungi wa petroli na wa dizeli isibadilishane, hata siku ya haraka.

Usijaze hadi shingoni. Mtungi wa lita 20 huweza kupokea zaidi ya lita 20, na mhudumu anayetaka kukufurahisha ataujaza. Dizeli iliyotoka ardhini ikiwa baridi, ikipata joto la nyuzi 25 zaidi juani, huongezeka karibu lita 0.4 katika mtungi mmoja. Kama haina nafasi, itajitafutia kwenye mfuniko.

Nyumbani usiiweke pamoja na mbolea. Stoo nyingi hapa huchanganya dizeli, dawa na magunia ya CAN. CAN ina amonia naitreti, ambayo moto ukianza huupa oksijeni. Dizeli iwe na kibanda chake, mbali na jiko la kuni, chenye hewa, kufuli na ndoo za mchanga mlangoni. Maji hayazimi moto wa dizeli. Dizeli huelea juu yake na moto ukasafiri nao.

Sasa kiasi. Kulima ekari moja kwa jembe la diski hula takribani lita 6 hadi 10, kufuatana na udongo. Trekta linalolima ekari 6 kwa siku litamaliza lita 36 hadi 60, yaani mitungi isiyozidi mitatu. Dizeli ikikaa vizuri hudumu miezi 6 hadi 12, na joto huupunguza muda huo. Iliyobaki baada ya kulimia masika mwezi Machi imeshazeeka Septemba ikifika, kwa hiyo ni heri kuimaliza kuliko kuirithisha msimu mwingine. Andika tarehe ubavuni mwa mtungi kwa kalamu ya wino mzito. Na jirani akija kuomba auziwe lita tano, mwelekeze kituoni: kufanya biashara ya mafuta bila leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, ni kosa chini ya Sheria ya Petroli ya mwaka 2019.

Kwa mwenye trekta moja Nchiru, basi, ni mitungi mitatu ya chuma na pampu moja ya mkono. Pipa lisubiri trekta la pili.