Njia Mbili za Data, Kinga ya Huduma kwa Wananchi

Mwananchi anapoomba cheti cha kuzaliwa kwa njia ya mtandao, taarifa zake husafiri kutoka kwenye seva hadi kwenye mtambo wa kuhifadhi data. Iwapo vifaa hivyo vimeunganishwa kwa kebo moja pekee, kebo hiyo ikikatika huduma husimama.

Kwa sababu hiyo, wataalamu wa TEHAMA huweka njia mbili au zaidi, kila moja ikipitia swichi yake. Programu maalumu, iliyomo pia katika mfumo endeshi wa Linux, hutambua kuwa njia hizo zinaelekea kwenye diski ileile, kisha hugawa mzigo kwa zamu au huchagua njia yenye foleni fupi. Njia moja ikiharibika, kazi huhamia kwenye nyingine.

Hata hivyo, kinga hiyo ina masharti. Njia mbili zikibeba kila moja asilimia 70 ya uwezo wake, moja ikiharibika nyingine itatakiwa kubeba asilimia 140, jambo lisilowezekana. Aidha, njia iliyoharibika bila kugundulika huiacha huduma ikitegemea kebo moja, ilhali mwananchi haoni dalili yoyote. Hivyo, ukaguzi wa mara kwa mara ni wa lazima, sambamba na kutunza nakala rudufu, kwa kuwa wingi wa njia haurejeshi data iliyofutwa.